Betri Itakayooza na Zile Zisizooza

Mwaka 2025 wastadi wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal katika nchi ya Kanada, walitangaza ya kuwa wametengeneza betri yenye kuvutika kama mpira, nayo ikimaliza kazi yake huoza. Viungo vyake, kwa mtu asiyezoea mambo ya maabara, vyafanana na vya jikoni kuliko vya kiwandani: jelatini, ile ile igandishayo vitu vya utamu, asidi ya limau, au badala yake asidi ipatikanayo katika maziwa yaliyochacha, na madini mawili, magnesiamu na molibdeni. Habari za namna hii hupita upesi baina ya habari za vita na za mpira, na aghalabu msomaji hutabasamu akafunua ukurasa wa pili. Sisi twaona kwamba hii haikuwa habari ya kutabasamiwa tu. Ina mambo yamhusuyo mfanyakazi wa kiwandani, mama mwenye mtoto atambaaye, mgonjwa wa sukari, na mchimbaji wa Kolwezi, ingawa si wote watakaopata faida sawa.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa betri ilizaliwa katika vitu vya namna hiyo hiyo. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alipanga visahani vya zinki na vya fedha, kimoja juu ya kingine, akaweka baina yao vipande vya kitambaa vilivyolowekwa katika maji ya chumvi, na umeme ukapita. Hayo ndiyo yote. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché akatumia zinki, kaboni na manganizi pamoja na chumvi ya amonia, na katika ukoo wa kazi yake yakaja mawe ya tochi na ya redio ambayo kila nyumba ya Afrika Mashariki imeyajua, yale yakiishiwa nguvu huanikwa juani ili yatoe walau taarifa ya habari moja zaidi. Kisha mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza betri ya lithiamu ichajiwayo, na kutoka hapo ulimwengu ukapata simu za mkononi kama tunavyozijua. Waliotangulia kuivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2019. Basi mtu asidhani ya kuwa limau na jelatini ni kurudi nyuma. Swali la haki ni hili: kwa nini watu wenye betri nzuri ya lithiamu waanze tena kutafuta nyingine?

Jawabu limo katika vyombo vivaliwavyo. Zamani mtu alivaa saa tu. Siku hizi huvaliwa pete ihesabuyo mapigo ya moyo, mkanda upimao usingizi, na vibandiko vya kila namna vishikavyo ngozini. Mfano mzuri kuliko yote ni kibandiko cha mgonjwa wa sukari. Hubandikwa mkononi, kikapima sukari usiku na mchana bila mtu kuchomwa kidole kila mara, na hapana shaka kimewaondolea wagonjwa taabu kubwa. Lakini vilivyo vingi hudumu siku 10 hadi 15 tu, kisha hutupwa pamoja na betri iliyomo ndani, hata kama betri yenyewe ingali na nguvu. Mgonjwa anayetumia kibandiko cha siku 14 hutupa vibandiko 26 kwa mwaka. Zidisha hesabu hiyo kwa mamilioni ya wagonjwa wa nchi tajiri, ambako vyombo hivyo vimeenea, ndipo utaona ya kuwa betri itengenezwayo kudumu miaka imefungwa ndani ya kitu kitengenezwacho kudumu majuma mawili. Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo haiondoki kwa kuifanya betri iwe bora zaidi. Yaondoka kwa kuifanya betri na chombo vife pamoja.

Tena kuna jambo la vibetri vya mviringo mfano wa kifungo au sarafu, vile vilivyomo katika saa, vitu vya kuchezea, na mizani ya jikoni. Mtoto mdogo akimeza kimoja kikakwama katika umio, umeme wake hugeuza ute wa mwilini kuwa kitu chenye kuunguza, na jeraha kubwa huweza kutokea katika muda wa saa mbili. Yule mwenye nguvu ya volti 3, mpana kama sarafu, ndiye mbaya kupita wote. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kulazimisha vyombo vyenye vibetri hivyo viwe na kifuniko kisichofunguliwa na mtoto. Huku kwetu vitu hivyo huuzwa mikononi, kifuniko chake hufunguka kwa ukucha, na mzazi hana habari. Mtoto akimeza, asingojewe hata aanze kulia. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ya Montreal.

Betri ya kawaida ni ngumu kwa sababu mbili. Ncha zake ni madini au unga uliogandamizwa, ambao ukikunjwa hupasuka. Na majimaji yaliyomo katika betri za lithiamu hushika moto upesi, kwa hiyo hapana budi yafungwe katika gamba lisilovuja. Lakini mwili wa binadamu si ubao. Kiwiko hukunjwa, ngozi ya goti huvutika, kifua hupanda na kushuka. Chombo kigumu juu ya mwili laini hubanduka, au humkwaruza mvaaji, au hupima vibaya. Ndiyo maana watengenezaji wa saa huificha betri mahali pamoja pagumu nyuma ya kioo, na sehemu nyingine zote zinyumbukazo wakaziacha bila nguvu.

Wastadi wa McGill walichagua magnesiamu kuwa ncha hasi na molibdeni kuwa ncha chanya, maana yote mawili ni madini ambayo mwili wenyewe huyahitaji, la pili kwa kiasi kidogo mno, na yote mawili huyeyuka taratibu katika maji ya mwilini au ya udongo. Walakini magnesiamu ina ila yake ya siku nyingi. Ikiguswa na majimaji hujivika utando, na utando huo huizuia isiendelee kutoa umeme. Hapa ndipo limau lilipofanya kazi. Asidi yake ilipochanganywa katika jelatini iliuvunja utando ule, nguvu ikaongezeka na betri ikadumu zaidi. Kisha waliichanja betri kwa mfano wa sanaa ya Wajapani iitwayo kirigami, ambayo karatasi huchanjwa kwa makasi hata ikivutwa ifunguke kama wavu. Kwa ufundi huo betri iliweza kuvutwa asilimia 80 kupita urefu wake bila volti kupungua kwa kiasi cha kujali. Ilitoa volti 1.3, kidogo chini ya volti 1.5 za jiwe dogo la redio, nayo ilifungwa kidoleni ikaendesha chombo kidogo cha kupima mgandamizo.

Kanada haiko peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, nchini Sweden, mwaka huo huo wa 2025 walitoa betri ambayo ncha zake si ngumu kabisa bali ni laini kama dawa ya meno. Humiminwa katika umbo lolote litakiwalo, huvutika hata kufikia mara mbili ya urefu wake, na huchajiwa zaidi ya mara 500. Moja ya viungo vyake ni lignini, kitu kitokacho katika miti na ambacho viwanda vya karatasi hukiona kuwa takataka. Volti zake hazijafika hata moja, ni 0.9. Na tusichanganye mambo: hii ya Sweden yavutika na yatumia taka za miti, lakini ndani yake mna plastiki ipitishayo umeme, nayo haikutengenezwa ili ioze.

Ile tuliyoipenda zaidi, na twakiri ya kuwa hapa twasema kwa mapendeleo, ni ya Uswisi. Katika taasisi iitwayo Empa, mtaalamu Gustav Nyström na wenzake walitoa mwaka 2022 betri ya karatasi. Karatasi yenyewe imechovywa katika chumvi ya kawaida ikakaushwa. Upande mmoja imepigwa wino wenye unga wa kinywe, upande wa pili wino wenye unga wa zinki. Ikiwa kavu haifanyi kazi na yaweza kuwekwa. Ukidondosha matone mawili ya maji, chumvi huyeyuka, na baada ya sekunde 20 umeme wa volti 1.2 hupatikana. Mbili zikiunganishwa ziliendesha saa ya mezani yenye kengele. Baada ya saa moja karatasi ilianza kukauka na nguvu ikapungua. Wakaongeza matone mawili, ikafanya kazi saa nyingine zaidi kwa nusu volti. Karatasi, chumvi, zinki na kinywe. Volta angefufuka leo angeitambua mara moja kuwa ni mjukuu wake. Nasi twaongeza tu kwamba kinywe kipo Mahenge kwa wingi, na chumvi huanikwa pwani yote. Si kusema ya kuwa kesho kutakuwa na kiwanda, bali kusema ya kuwa elimu ya namna hii haikufungiwa katika nchi zenye maabara ya dhahabu.

Za wengine tuzitaje kwa upesi. Waswisi hao hao mwaka 2025 walitangaza betri ya uyoga na hamira, yenye uhai, ihitajiyo kulishwa badala ya kuchajiwa. Waitalia wa Milan mwaka 2023 walifanya betri iwezayo kuliwa: vitamini B2 ncha moja, ncha ya pili ile rangi ya asili iliyomo katika vitunguu, makaa, nta ya nyuki, na mwani baina yao, si huu wa Paje na Jambiani bali ule ambao Wajapani hufungia wali. Hutoa volti 0.65 kwa muda wa dakika kumi na mbili. Ni kidogo sana, lakini madhumuni yake ni kuendesha vipimo vimezwavyo na mgonjwa, na mtu akifikiri juu ya vile vibetri vya sarafu tulivyovitaja hapo juu, hatacheka.

Katika mambo ya tiba, faida ya kitu kinachoyeyuka imekwisha kuonekana. Mgonjwa aliyepasuliwa moyo mara nyingi huwekewa kwa siku chache nyaya za kuusaidia moyo upige kwa utaratibu, na nyaya hizo baadaye huvutwa nje. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alifariki Agosti 2012, na mwaka 2019 ilifahamika hadharani ya kuwa nyaya za namna hiyo zilipoondolewa alivuja damu ndani kwa ndani. Mwaka 2025 wastadi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha kisaidizi cha moyo kidogo kuliko punje ya mchele, urefu wake milimita 3.5, ambacho maji ya mwili wenyewe ndiyo hukikamilisha kuwa betri, na kikimaliza kazi huyeyuka. Hakuna waya wa kuvuta. Kilijaribiwa katika wanyama, na katika mioyo ya watu waliokwisha kufa ambayo ilitolewa kwa ajili ya elimu.

Hayo ni mema, nasi hatuna haja ya kuyapunguza. Lakini kazi ya ukurasa huu si kupiga makofi tu.

Neno la kwanza la kupimwa ni hilo neno kuoza. Ganda la ndizi likitupwa shambani huoza kwa majuma. Ubao wa mvule nao huoza, lakini mjukuu wa aliyeupasua ndiye ataona. Katika betri ya Montreal magnesiamu na jelatini huondoka mapema, molibdeni huchelewa. Katika ile ya Uswisi karatasi huoza, zinki haiozi, bali hubadilika na kubaki udongoni. Kwa hiyo mwenye kuuza bidhaa akisema yaoza, aulizwe: sehemu gani, mahali gani, kwa siku ngapi? Tena betri ni kiungo kimoja tu. Saa ya mkononi ina kioo, ina silikoni, ina nyaya za shaba zenye risasi au bati, ina mkanda wa plastiki. Betri ikioza ndani ya gamba lisilooza, sijui tumepata nini zaidi ya gamba tupu. Na hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni ya kibiashara. Mtu akiisha kuambiwa ya kuwa kitu hiki hakina madhara kikitupwa, atakitupa bila kusita, na mwenye kiwanda atafurahi kwa kuwa kesho atauza kingine. Twajua ilivyokuwa kwa mifuko ya plastiki: wengine waliandika juu yake ya kuwa yaoza, mifuko ikakatikakatika vipande vidogo tu, na watu wakaridhika na maandishi.

Neno la pili ni asili ya viungo. Magnesiamu ya dunia hutoka China kwa sehemu kubwa, na njia itumikayo sana kuipata hula makaa ya mawe kwa wingi. Molibdeni huchimbwa China, Marekani, Chile na Peru, mara nyingi ikiandamana na shaba. Basi kitu kikiwa safi kaburini si lazima kiwe kilizaliwa kwa usafi. Jelatini nayo hutokana na ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe, na twaona ni ajabu kidogo kwamba watu wanapanga kuibandika juu ya ngozi za wanadamu wote bila kutaja ni ya mnyama gani. Msomaji wa Unguja au wa Muscat atauliza swali hilo kabla ya kuuliza habari za volti. Hapo hakuna kizuizi kikubwa, maana ng'ombe wetu wana ngozi na mifupa ya kutosha, na nyingi ya mifupa hiyo hutupwa machinjioni. Lakini mtengenezaji yampasa aseme.

La tatu ni nguvu. Betri hizi zote ni ndogo kwa uwezo. Ya McGill ikiisha kula magnesiamu yake imekwisha. Hakuna hata moja kati yake iwezayo kuendesha simu, wala taa ya kusomea usiku kucha, wala pikipiki ya umeme. Ni za vibandiko na vipimo. Asije mtu akamwambia mfanyakazi ya kuwa zama za lithiamu zimekwisha.

Na hapa tuwakumbuke ndugu zetu wa Kolwezi, ambao wachimbapo huitana kwa Kiswahili kama sisi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nayo huingia katika betri za simu, za saa, na za magari. Wapo wachimbao kwa sururu na mikono, katika mashimo yasiyo na nguzo, na mara kwa mara mashimo hayo huwafukia. Watu wengi wa Ulaya wasomao habari za betri ya limau husema moyoni: afadhali, sasa kobalti haitahitajiwa, mtu wa Kolwezi atapumzika. Fikira hiyo ina huruma, lakini haina hesabu. Vibandiko hutumia kobalti kidogo mno, na vingine havitumii kabisa. Kitu kiondoacho kobalti kweli kweli katika soko ni betri za magari za fosfati ya chuma, zisizo na kobalti wala nikeli, ambazo zimeenea sana hasa China. Na je, soko likishuka mchimbaji hupumzika? Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wote wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka kwa wingi wa mali sokoni, ikaongeza muda wa katazo hilo mwezi Juni, na Oktoba mwaka huo huo ikaweka viwango vya kiasi kitakachotoka. Bei ikianguka, mwenye shimo dogo hapumziki. Huchimba zaidi apate kile kile alichopata jana. Teknolojia mpya huweza kumwondolea mtu kazi mbaya bila kumpa nzuri.

Wafanyakazi wa Nakuru walijua jambo hilo kabla ya wengi. Tangu miaka ya 1960 palikuwa na kiwanda cha mawe ya tochi na redio katika mji huo, na alama ya paka wa Eveready ikajulikana katika kila duka la kijijini Kenya nzima. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa, na kampuni ikageukia kuuza betri zilizotengenezwa nje. Bidhaa za bei ndogo zilikuwa zimejaa sokoni, na kwa upande wa pili simu ya mkononi ilikuwa imeimeza tochi na redio kwa pamoja. Watu hawakuacha kutumia betri. Wanatumia nyingi kuliko zamani. Kilichohama ni mahali pa kuzitengenezea. Kwa hiyo tusomapo ya kuwa karatasi, chumvi, zinki na kinywe vyatosha kutoa umeme, mtu aliyefanya kazi Nakuru ana haki ya kuuliza ni nani atakayepewa kazi ya kuchapa karatasi hizo.

Jambo la mwisho ni taka, nalo ndilo zito. Hesabu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 yasema ya kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kwamba asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitishwa kuwa ilikusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu. Kwa Afrika kiasi hicho hakifiki hata asilimia moja. Mataifa ya Ulaya yalipitisha sheria mwaka 2023 ambayo imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ambayo betri za vyombo vidogo, isipokuwa vichache vilivyotajwa, lazima ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye chombo mwenyewe. Hiyo ni sheria ya maana, maana yarefusha maisha ya chombo badala ya kusubiri betri ya ajabu. Nchi zetu hazina haja ya kungoja maabara ya mtu kuandika yake: bandari ni zetu, na kila saa na kila simu iingiayo hupita mbele ya afisa wa forodha. Sheria yaweza kutaka kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, betri itokayo bila nyundo, na muuzaji apokee ya zamani anapouza mpya. Na neno yaoza lisiruhusiwe juu ya pakiti mpaka shirika la viwango limelizika katika udongo wa hapa, wenye mvua na joto la hapa, likalifukua na kuangalia.

Watakaosema kwamba hayo ni makali mno kwa vitu vidogo, na waende Owino Uhuru, Mombasa. Hapo palijengwa tanuri la kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Betri hizo haziozi. Huchakatwa, na kuchakatwa ni neno zuri kama vile kuoza lilivyo zuri. Moshi uliingia majumbani, maji machafu yakapita vichochoroni, na risasi ikapatikana katika damu ya watoto. Aliyelipigania jambo hilo, Phyllis Omido, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho hicho. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Tanuri lilifungwa mwaka 2014. Mwezi Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kutoka kufungwa kwa tanuri hata hukumu hiyo ya mwisho ilipita miaka kumi, na wapo waliokwisha kuzikwa kabla hawajaisikia ikisomwa.